Kamba ya Che Swalehe: Sehemu ya Saba

Karani Pankrasi wa boma aliinua kamba juu ya kichwa chake, akaitikisa kama mtu aliyekamata nyoka kwa mkia.

"Haina fundo!" alipiga kelele. "Wote mnaona? Haina fundo hata moja!"

Na kweli haikuwa nalo. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na tangu siku hiyo wasomaji wa Mjimwema hamjaniacha nipumue, kila mtu anauliza fundo limekwenda wapi. Tulieni basi. Linakuja.

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo baada ya kufungiwa vitumbua, nakueleza mara moja tu. Tuko Songea, Alhamisi, tarehe 26 Januari 1905, saa nane mchana. Kesho ni sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wa Wadachi, mtu ambaye hajui Songea iko upande gani wa dunia, lakini Songea yote imeamriwa ifurahi. Vita ya Maji Maji haijafika Ungoni. Watu wanalipa kodi, wanachapwa, wananyamaza.

Karibu na boma kuna nyumba moja tu ya wageni yenye vyumba vinne. Ni ya Bi Zabibu binti Bakili, mjane wa mwinda tembo, Myao mwenye mdomo unaokata kuliko panga la marehemu mumewe.

Vyumba vyote vinne vimeshikwa kwa siku tatu za sikukuu na Che Swalehe, yaani Bwana Swalehe kwa Kiyao, mkuu wa msafara wa kutoka Mbesa. Alivishika mwezi uliopita. Hajalipa hata punje ya chumvi, na hajatuma mtu kusema haji. Aliacha vitu viwili tu. Cha kwanza, mkeka wake, aliutandika kitandani kwa mkono wake mwenyewe, kuonyesha kwamba vyumba vina mtu. Cha pili, kamba yenye mafundo, na nyingine kama hiyo akaondoka nayo. Kila siku fundo moja linafunguliwa kwa Zabibu, na fundo moja linafunguliwa huko aliko Swalehe. Mafundo yakiisha mgeni hajafika, nyumba iko huru. Likibaki hata moja, mkeka hauguswi.

Ndiyo maana Pankrasi alikuwa anacheka.

"Nyumba tupu siku ya Kaisari ni mali ya boma," alisema. "Maakida watatu wanaingia jioni hii. Nimeshamwahidi bwana mkubwa kwamba watalala hapa."

"Ulimwahidi nyumba ya nani?"

"Ya mwanamke asiyejua kuhesabu."

Pembeni mwa mdomo wake kilining'inia kipande cha sigara nene, zawadi ya bwana mkubwa, Mdachi wa boma, siku ya Noeli. Tangu Noeli alikuwa anakiwasha na kukizima, anakiwasha na kukizima, ili kisiishe. Watu walisema siku kitakapoisha, ukarani nao utaisha.

Zabibu alimnyang'anya kamba, akaipitisha vidoleni mwanzo mpaka mwisho.

"Jana jua lilipozama nilifungua moja, nikaacha moja. Nililishika! Umelifungua wewe, mwizi mkubwa!"

"Mimi? Nimefika sasa hivi, nimeikuta mlangoni hivyo hivyo. Muulize ombasha."

Ombasha Tabu, askari mwenye cheo kidogo na tumbo kubwa, alitikisa kichwa. Ni kweli, walifika pamoja.

Basi nani?

"Mau," sauti ikasema nyuma yao. "Ni mimi."

Alikuwa Lidwina, mpishi, binti wa Kingoni aliyebatizwa juzijuzi misheni. Zabibu alimchukua siku tatu zilizopita amsaidie kazi za sikukuu. Humwita Zabibu "Mau", kama Wangoni wanavyomwita mama. Alikuwa ameshika mwiko, na ugali uliokuwa kwenye mwiko ulikuwa unadondoka kwenye mguu wake bila yeye kuuhisi.

"Umefanya nini?"

"Nimelifungua asubuhi. Jua lilipochomoza nikaona fundo la leo lipo bado, nikasema Mau kasahau. Misheni kengele ikilia alfajiri, siku imefunguliwa. Nami nikafungua fundo."

"Siku ikianza?"

"Ndiyo, Mau. Kwani ninyi mnafungua lini?"

"Ikiisha, mwanangu! Ikiisha! Wewe unamlipa kibarua kabla hajashika jembe?"

Mnamwona Lidwina? Msimtukane. Hakutaka ubaya. Kwao siku inafunguliwa asubuhi kama mlango wa kuku. Kwa akina Zabibu fundo ni la siku iliyokwisha, na siku inakwisha magharibi. Siku tatu wameishi nyumba moja, wamepika chungu kimoja, na hakuna aliyefikiria kumuuliza mwenzake kitu kidogo namna hiyo.

"Kashuhudia mtumishi wako mwenyewe," alisema Pankrasi. "Fundo limefunguliwa. Ombasha, ingia utoe huo mkeka."

Zabibu alijipachika mlangoni, mikono miwili kwenye miimo.

"Jua hilo hapo juu. Halijazama. Siku ya Swalehe haijaisha."

"Boma halihesabu siku kwa jua, mama. Kwa bwana mkubwa siku inaanza usiku wa manane. Ana saa ndani ya sanduku, inapiga yenyewe."

"Basi mwambie akawalaze maakida ndani ya sanduku."

Watu walikuwa wameshajaa barabarani, si mnatujua. Kicheko kilichopigwa hapo kilimpanda Pankrasi mpaka masikioni. Mbaya zaidi, ombasha Tabu alicheka pia.

"Karani," alisema ombasha, "hapo bibi ana haki. Hata mimi leo yangu inakwisha magharibi. Ungekuwa unafunga Ramadhani ungejua."

Pankrasi alitoa sigara mdomoni. Alipoongea tena aliongea polepole, na mtu anayeongea polepole baada ya kuchekwa, mkimbie.

"Vema. Magharibi. Lakini sikilizeni wote. Jua likizama, na Swalehe hayupo wala hajalipa, sichukui tena vyumba vya siku tatu. Nachukua nyumba. Kwa kuwafungia wageni wa boma mlango, huyu mwanamke kesho atalala kifudifudi uwanjani mbele ya bendera. Hamsa ishirini."

Hakuna aliyecheka tena. Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano, na watu wa siku hizo hawakuhitaji kuelezwa kama ninavyokueleza wewe.

"Na usijichoshe macho kutazama barabara," aliongeza. "Swalehe kaliwa na simba. Habari ilifika bomani juzi."

Akaondoka na ombasha wake. Moshi wa sigara ukabaki mlangoni kama mgeni ambaye hakukaribishwa na haagi.

* * *

Zabibu alikaa kizingitini. Alichukua kamba, akafunga fundo moja mwishoni, akalivuta kwa meno.

"Nimelirudisha. Tangu sasa kamba hii hugusi mpaka nikwambie. Ukiigusa, nitakufunga wewe."

"Mau, nisikilize. Mtu ameliwa na simba. Mpe karani vyumba. Mgongo ni wako."

"Na neno nililompa Swalehe ni la nani?"

"Hakulipa!"

"Hakulipa, lakini hakuacha. Ndiyo balaa lenyewe. Angelipa, ningemtetea kwa nguvu zote. Angeacha, ningempa Pankrasi funguo asubuhi na chai juu. Kaniacha katikati, kama mke wa mtu aliyepotea safarini. Siolewi, siachwi."

"Basi chagua wewe."

"Nikitoa vyumba vya mtu kwa maneno ya Pankrasi, nani atakayekuja tena kulala kwangu? Misafara yote ya Tunduru itapita mlango huu inatema mate. Hiyo nayo ni kuchukuliwa nyumba, Lidwina. Polepole tu."

Lidwina alifungua mdomo ajibu. Hakupata nafasi.

"Hodi!" mtu aliita uani.

Alikuwa kijana mrefu, miguu imejaa vumbi, kitambaa cha kubebea mizigo kichwani. Alisema anaitwa Mussa.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa mkeka."

"Marahaba. Mkeka gani?"

"Wa Che Swalehe."

Zabibu alisimama taratibu sana.

"Mwanangu, huyo simba aliyemla Swalehe, analala kwenye mkeka?"

"Simba gani, mama? Che Swalehe nimemwacha Mshangano sasa hivi, anakula kuku."

Haya! Nilisema tulieni, hamkunisikia.

Mussa alimwaga yote, maana hakujua kwamba kuna siri. Walifika jana. Njiani walikutana na karani wa boma. Karani akasema nyumba ya Bi Zabibu imeshapewa maakida, na yule mwanamke mwenyewe ndiye aliyewaita waje. Lakini karani ni mtu mwema, ana dada yake Mshangano anaitwa Kunegunda, ana nyumba, walale huko. Na habari kwamba wako huko, karani alisema ataipeleka mwenyewe.

"Ataipeleka mwenyewe," Zabibu alirudia.

"Ndiyo. Kwani hajafika?"

"Amefika. Alikuja na simba."

Mussa aliomba tena mkeka. Zabibu alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamwonyesha chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Vimefagiliwa. Nyasi mpya chini. Mitungi imejaa maji. Mkeka wa Swalehe uko palepale, haujakunjwa hata pembe.

"Unaona akida humu?"

"Sioni, mama."

"Mkeka unatanduliwa na aliyeutandika. Twende Mshangano. Lidwina, kaa mlangoni, asiingie hata panya."

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Zabibu alijifunga kanga kiunoni, akatia kamba kifuani, akatoka kwa mwendo ambao Mussa, mpagazi wa safari za miezi, alilazimika kukimbia ili amfikie.

* * *

Mshangano ya wakati huo, msije mkafikiria hii yenu ya mabati. Ilikuwa mashamba na nyumba chache za nyasi. Che Swalehe alikuwa amekaa barazani kwa Kunegunda, kanzu safi, kofia ya mkono, paja la kuku kwenye sahani. Nyuma yake mizigo imepangwa, imefungwa kwa ngozi, na mpagazi mmoja ameketi mbele yake kama mlinzi wa kaburi.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa, Abiti Bakili?" alisema Swalehe bila kunyanyuka. Kwa Wayao mwanamke huitwa kwa baba yake, lakini siku hiyo jina la marehemu Bakili lilitoka kwa Swalehe kama mfupa aliotaka kuutema.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Unakuja kwangu au huji?"

"Unaniuliza wewe? Uliyeita maakida?"

"Mgeni wangu anakula," alidakia Kunegunda kutoka jikoni. "Wa kwako hawaji mpaka uwafuate kwa miguu. Nenda zako!"

"Nyamaza, dada wa mwongo. Che Swalehe, toa kamba yako."

Swalehe alifuta mkono, akatoa kamba kwenye mfuko wa kanzu. Fundo moja. Zabibu akatoa ya kwake, akaiweka kando ya sahani. Fundo moja. Akapumua.

Mapema mno.

Swalehe aliinua kamba ya Zabibu mpaka karibu na pua. Akaigeuza. Akaanza kucheka kile kicheko cha mtu asiyefurahi.

"Hili si fundo langu. Mimi fundo langu napitisha mara mbili. Hili limepitishwa mara moja, na lina alama ya meno. Umelifungua, Abiti Bakili! Umelifungua, umeniuza, na sasa umelifunga tena unifanye mjinga mbele ya watu wangu!"

"Limefunguliwa kwa makosa. Mpishi wangu ni Mngoni wa misheni, anafungua asubuhi."

"Mngoni wa misheni! Kesho utasema nililiwa na chui!"

"Na simba. Ndivyo shemeji yako Pankrasi anavyotangaza bomani."

Swalehe alimtazama Mussa.

Hapa ndipo Mussa alipolipia wali wa maisha yake yote. Alisema, "Che, vyumba vitupu. Nimeviona vyote vinne. Mkeka wako umetandikwa vilevile. Hakuna akida, hakuna mtu. Karani ametudanganya."

Ndani sufuria ilianguka. Kunegunda, bila shaka.

Mngetegemea Swalehe aruke, achukue fimbo, aende kumtafuta Pankrasi. Hata mimi ningetegemea. Hakuruka. Alikaa anafikiri, macho yake yanakwenda kwenye mizigo na kurudi, yanakwenda na kurudi.

"Mimi nimeshatulia hapa," alisema mwishowe. "Miguu imevimba."

Zabibu aliitazama ile miguu. Haikuwa imevimba hata kidogo.

"Sawa. Basi simama hapa, useme mbele ya watu wako kwamba umeacha vyumba, nikampe karani, nami niokoe mgongo wangu."

"Sijasema naacha."

"Basi lipa."

"Sijasema nalipa leo."

"Hulipi! Huachi! Huji!" Zabibu alipiga kofi kwenye nguzo ya baraza mpaka kuku wakatawanyika. "Unataka nini kwangu, wewe mwanamume? Jua likizama nanyang'anywa nyumba. Kesho nachapwa uchi mbele ya mji mzima, na wewe utakuwa hapa unachokonoa meno! Nitatembea kijiji kwa kijiji mpaka Mbesa, Che Swalehe. Kila mlango nitageuka niwaonyeshe mgongo, niseme alama hizi ni sahihi ya Swalehe. Lipa, au acha. Sasa hivi."

Wapagazi waliinamisha macho. Kuchekwa Songea si kitu, lakini Mbesa Swalehe ana wake na wakwe.

Swalehe alisimama. Alichagua mzigo mmoja, mdogo kuliko yote, akaupapasa.

"Chumvi. Inatosha siku zote tatu na zaidi. Mussa ataubeba. Uweke chini ya kitanda changu, chumba cha kwanza, kile chenye dirisha. Usiufungue mpaka nije mwenyewe kesho, kabla gwaride halijaanza."

"Malipo yasiyofunguliwa ni malipo gani?"

"Ulitaka malipo, umepata malipo. Nenda, jua halikungojei."

* * *

Walirudi mbio. Mbio za Zabibu, kwa kweli, maana Mussa alikuwa amebeba ule mzigo kama mtu aliyebeba mtoto wa siku moja. Njiani walimkuta mzee anachoma mihogo kando ya njia. Mussa alipouona ule moto aliacha njia, akaingia porini, akazunguka mbali, akatokea mbele huko amechanwa na miiba.

"Unaogopa mihogo?" Zabibu alimuuliza.

"Moshi unaniumiza macho, mama."

Zabibu aliongeza mwendo. Wewe msomaji, naona umeshaanza kukuna kichwa. Kuna.

Walifika jua likiwa juu ya vilima kwa kipimo cha mkono mmoja. Mussa aliusukuma mzigo chini ya kitanda taratibu, akatoka, hakungoja hata maji ya kunywa. Zabibu alimpa Lidwina kamba.

"Kaa nayo uani. Jua likizama kabisa, kabisa, ndipo unifungulie. Siyo kabla."

"Nimeelewa, Mau. Leo sikosei."

Alipobaki peke yake chumbani, Zabibu aliutazama ule mzigo. Akaenda mlangoni. Akarudi. Nyumba yangu, malipo yangu, alisema moyoni, na mtu hakatazwi kuonja chumvi yake. Aliuvuta kutoka chini ya kitanda, akatoboa ngozi kwa ncha ya kisu, akachovya kidole, akakipeleka ulimini.

Haikuwa chumvi.

Ilikuwa chungu, na kidole kilikuwa cheusi. Harufu ile aliijua. Miaka kumi na miwili aliipikia, aliifulia, alilala nayo ubavuni. Ndiyo harufu iliyokuwa ikirudi nyumbani na marehemu mumewe, siku alizopiga tembo kwa gobori.

Baruti.

Macho yake yalikwenda dirishani. Kutoka dirisha la chumba cha kwanza unaona uwanja wa boma wote. Wafungwa walikuwa wanamalizia kupiga misumari kwenye jukwaa atakalokalia bwana mkubwa kesho, hatua chache tu kutoka ukuta huu. Mizigo mingine iko Mshangano, barazani kwa dada yake karani. Mizigo mingapi? Kumi? Kumi na miwili? Sasa alielewa kwa nini mtu mmoja anashika vyumba vinne. Sasa alielewa pia kwa nini hakulipa. Nani anayelipia nyumba ambayo keshokutwa haitakuwepo?

"Bibi!" sauti iliita barazani. "Magharibi hiyo!"

Kabla hajaziba tundu, Pankrasi alikuwa ameshaingia, ombasha Tabu nyuma yake. Zabibu aliruka akasimama mbele ya mzigo. Kanga yake haikuuficha wote.

"Nini hicho?"

"Malipo. Chumvi ya Che Swalehe."

"Swalehe amekufa."

"Basi ni chumvi ya maiti. Nenda Mshangano kwa dada yako Kunegunda ukamzike, maana nimemwacha anakula paja la kuku. Ombasha, umesikia? Karani kamficha mgeni wangu kwa dada yake, akaja hapa na hadithi ya simba, ili amridhishe bwana mkubwa."

Ombasha Tabu alimgeukia Pankrasi. Tumbo lake liliacha kucheka.

"Kweli, karani?"

Pankrasi aliangalia mlango. Jua lilikuwa halijazama. Malipo yalikuwa ndani. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Nyumba ilikuwa ya Zabibu, mgongo ulikuwa wa Zabibu, na kama Pankrasi angegeuka akaenda zake, leo tungecheza ngoma.

Hakugeuka. Mtu aliyeaibishwa hutafuta pa kushika, na yeye alishika ule mzigo kwa macho.

"Chumvi, eh?" alisema. "Chumvi ya Mbesa mimi naijua kwa ulimi. Kama ni mchanga, bibi, hujalipwa. Sogea."

"Ombasha kashaona. Nenda zako."

"Sogea nimesema!"

Akamsukuma bega. Akachutama mbele ya mzigo. Na ili aonekane mkubwa, alikuwa amekiwasha upya kile kipande chake cha sigara. Kilikuwa kinawaka vizuri jioni hiyo, chekundu, na majivu marefu kama kidole cha mtoto yananing'inia mbele, yanatikisika kila anapovuta pumzi. Aliona tundu. Aliinama. Akainama zaidi, sigara mdomoni, akakunja macho ili aone vizuri katika giza la chumba.

Chembe nyeusi zilikuwa zinavuja taratibu kwenye tundu, zinaingia katikati ya nyasi.

Zabibu aliinua mkono akausimamisha hewani. Akipiga kelele "Baruti!", ombasha yuko mlangoni na bunduki, na kesho jukwaa lile halitatumika kwa gwaride tu. Atanyongwa juu yake, yeye na jina la baba yake. Asipopiga kelele, hakutakuwa na kesho, wala nyumba, wala binti wa watu aliyeko uani.

Majivu yalitikisika.

Na kutoka uani, kwa sauti ya mtu anayefurahi kwamba safari hii hakukosea, Lidwina akaita:

"Mau! Jua limezama! Nifungue sasa?"